Klia Isiyo na Harufu

Daktari alimwambia kaka yangu maneno machache tu: kifua hiki kimechoka na thina, acha kupuliza rangi, la sivyo utafika mahali utalala umekaa. Kaka akamshukuru, akaikunja karatasi ya vipimo mara nne, akaitia mfukoni, tukaondoka. Tukashika njia ya kurudi Kerege. Tulipokaribia nyumbani gari moja jeupe likatupita, akageuza shingo. "Umeona ubavu wa gari lile?" akaniuliza. "Wamepuliza kwenye upepo. Vumbi tupu." Nikajua hapa hakuna aliyeacha kitu.

Kaka yangu ni fundi rangi wa magari, na si wa kubabaisha. Gereji yake iko kando ya barabara ya Bagamoyo, banda la bati lililozungushiwa maturubai, na watu huleta magari kutoka Dar wakaziacha gereji za huko zenye vioo na viyoyozi. Alianza kushika bunduki ya kupulizia mimi bado navaa sketi ya shule ya msingi, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka nikapata stashahada ya kemia. Hana kazi nyingine anayoijua wala anayoitaka. Ukimwambia akalime shamba la baba kule Makurunge, anakutazama kama mtu aliyetukanwa.

Mimi nilikaa miaka mingi kwenye maabara ya kiwanda cha rangi za nyumba, Dar. Nikagombana na msimamizi, na nikimwona leo nitagombana naye tena. Nikarudi nyumbani nikawa nachanganya rangi pale gereji, maana jicho langu la rangi ni zuri na mdomo wangu unawafaa wateja wasumbufu. Nina hasira za karibu, sikatai. Wifi yangu, mke wa kaka, hunitania kwamba nikichanganya nyekundu sina haja ya kopo, nijitazame tu kwenye kioo.

Sasa, kwa asiyejua: gari halipakwi rangi peke yake. Juu ya rangi huja klia, utando usio na rangi yoyote, ndio unaong'aa na ndio unaoikinga rangi na jua. Klia yetu, kama ya mafundi wote wa barabara hii, ilizimuliwa kwa thina. Thina ndiyo ile harufu kali inayokuchoma macho ukipita nje ya gereji. Wewe unapita tu. Kaka yangu ameivuta tangu ujana wake, zamani akiwa na kitambaa tu puani, na miaka ya karibuni akiwa na maski ya vichujio viwili niliyomnunulia mimi na kumgombeza mpaka akaivaa.

Nikawaza: rangi za nyumba ziliachana na thina zamani. Leo mtu anapaka chumba asubuhi na jioni mtoto analala humo. Nilijua pia kwamba huko kwa wenzetu klia za maji za magari zipo, ila zimetengenezwa kwa vyumba vyenye mitambo ya kukausha hewa, si kwa banda la bati karibu na bahari. Basi kwa nini nisitengeneze ya kwetu? Nikamwendea kaka akiwa anapiga msasa mlango.

"Kaka, nipe muda. Nitakutengenezea klia ya maji. Thina hutaigusa tena."

"Ya maji?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Basi mdogo wangu, tuliegeshe gari nje tungoje mvua itupakie."

"Cheka. Ukimaliza kucheka kifua kitakuwa bado kibovu."

Akaendelea na msasa. Baada ya muda akasema, bila kunitazama, kwamba nikiweza atashukuru. Sijawahi kumsikia akiniomba kitu, na kwake yeye hapo alikuwa ameomba.

Nilikuwa najuana na mletaji wa malighafi za viwandani tangu enzi za kiwanda. Akanipa debe la rojo jeupe pepe, kama tui la kwanza. Kaka alipoliona alishika kiuno. "Hili nilipulize juu ya gari jeusi la mtu? Unataka nifungwe?" Nikamwambia likikauka linakuwa kioo. Akasema haya, lakini si kwenye gari la mtu, tuanze na boneti bovu lililokuwa limeegemezwa ukutani. Tukaanza.

Zile za mwanzo zilikuwa mchezo wa watoto. Zilikauka, zikang'aa, lakini zilikuwa laini. Ukibonyeza kidole kinabaki na alama, na tone la petroli likidondoka linakula mpaka kwenye rangi. Hata hivyo wiki hiyo tulifurahi. Banda halikunuka. Wifi alituletea chai ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe, maana siku zote alikuwa akiiacha birika mlangoni huku amejiziba pua kwa kanga. Akazunguka mle ndani anachungulia kila kitu. "Kumbe ndiyo kulivyo humu," akasema. Tukala mihogo na chai tukiwa tumekaa kwenye matairi, na kaka akaivua maski yake akaitundika msumarini.

Sikumwambia kitu. Nasema wazi kwa sababu jambo hili nimelirudia kichwani mara nyingi. Kwa klia ile ya mwanzo sikuona hatari kubwa ya kumgombeza mtu. Alikuwa anapumua vizuri, anatania, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa askari wake. Maski yangu nayo niliitundika pale pale.

Ili klia iwe ngumu ilibidi kuitia hadina. Hadina ni ile dawa ya kopo dogo ambayo fundi huichanganya na klia pale pale kabla ya kupuliza, nayo huifanya ishikane na kukomaa. Klia ya thina ina hadina yake. Hii ya maji ilitaka hadina yake pia, ya aina inayokubaliana na maji. Nikaipata kwa yule yule mletaji. Nikapima, nikaandika, nikamfundisha kaka kiasi cha kuchanganya. Utando ukakomaa ukawa mgumu, petroli haikuula. Nikaruka ruka pale bandani kama chizi.

Asubuhi yake boneti lilikuwa limeingia ukungu, weupe weupe kama kioo cha bafuni.

Hapo ndipo nilipoteseka. Nilipunguza maji, nikabadilisha hiki, nikaongeza kile. Masika ikaingia, ikatukuta bado tunapuliza maboneti mabovu. Kila nikibadilisha, ukungu ule ule. Nikaanza kumshuku kaka kwamba anapuliza nzito. Yeye akanishuku kwamba sijui ninachofanya, akanitamkia, nami nikamrushia kijiti cha kukorogea. Wifi akasema sisi wawili tungepewa chumba kimoja tangu utotoni tungeuana mapema, na yeye angeolewa kwingine.

Kisha mabomba yakakauka. Siku tatu Kerege nzima haina maji, watu wanahangaika na madumu. Sisi tukapuliza kama kawaida. Siku ya kwanza, boneti likatoka jeusi, safi, unaona meno yako ndani yake. Siku ya pili vivyo hivyo. Nikapiga vigelegele, nikamwambia wifi apike pilau, mwenzake nimeweza. Siku ya nne maji yakarudi, tukapuliza kwa vipimo vile vile, ukungu huo! Wallahi nilikaa chini sakafuni nikataka kulia, na nilipokaa sketi ikalowa.

Sakafu ilikuwa imelowa. Nikaitazama. Kila banda la rangi ukanda huu lina desturi moja: kabla ya kupuliza, fundi anamwaga ndoo mbili tatu za maji sakafuni na kuyalowesha maturubai, ili vumbi la barabarani lilale. Hakuna anayelitaja, kama mtu asivyotaja kwamba anafungua mlango kabla ya kuingia. Kaka alikuwa akimwaga maji kila siku mbele ya macho yangu, na mimi mwenye stashahada nikiruka vidimbwi kwenda kupima gramu. Klia ya thina haijali. Ile ya mwanzo, isiyo na hadina, haikujifunga, kwa hiyo maji yake yalipata muda wa kutoka. Ya maji ili ikauke lazima maji yatoke, na yatoke kwenda wapi, na hewa ya bandani imeshashiba?

"Kaka, usimwage maji tena humu."

"Na vumbi?"

"Vumbi tutalifagia jana yake."

Akanitazama, akaitazama sakafu. "Yaani hii klia ya maji," akasema, "inaogopa maji." Akaangua kicheko mpaka akashika ukuta. Nami nikacheka. Miezi minne tulikuwa tunatafuta kosa kwenye makopo na lilikuwa miguuni.

Tukapanga utaratibu mpya. Kufagia jioni, kupuliza saa nne asubuhi umande ukishakauka, feni mbili zenye kitambaa mbele. Yakatoka maboneti matano mfululizo hayana doa. Kaka akawa anayapapasa kwa kiganja kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemnunua kwa bei nzuri. Alikohoa kohoa wiki zile, lakini masika kila mtu hukohoa, wifi akamchemshia tangawizi, yakapita. Ndivyo tulivyosema, kwamba yamepita.

Gari la kwanza la mteja lilikuwa la mwalimu mstaafu, jirani yetu, gari dogo la bluu iliyokoza. Rangi iliyokoza haifichi kitu. Kaka aliniambia siku hiyo anataka alipulize lote yeye mwenyewe, nisimsemeshe. Nikampimia klia, akachanganya hadina kwa mkono wake. Maski zilikuwa msumarini. Nilisimama karibu na feni, uso wazi, natabasamu kama bibi harusi. Alinitupia jicho mara moja kabla ya kuanza. Nadhani aliniangalia usoni ili aone kama nina wasiwasi.

Sasa niseme nilichokuwa nakijua. Kaka siku zote alivaa maski kwa kuambiwa na pua. Thina ikimchoma, anavaa, isipomchoma, anavua. Hadina haichomi pua. Mvuke wake unauvuta bila kuusikia puani, ila kifua kinausikia, na kifua kibovu kinausikia zaidi. Nilisoma hayo darasani. Yalikuwa yameandikwa pia kwenye kopo la hadina, kwa Kiingereza, herufi ndogo, na katika gereji ile mtu wa kuyasoma alikuwa mimi peke yangu. Niliyasoma siku nilipolifungua. Kisha yakaja mambo ya ukungu, na ushindi, na pilau, na sikuwahi kurudi kwenye ule msumari kumwambia mtu: hii ya sasa si kama ile ya mwanzo, rudisha maski yako. Sikusahau kwa sababu sijui. Nilisahau kwa sababu nilikuwa na furaha, na sijui kama hilo ni afadhali au ni baya zaidi.

Alianza paa, akashuka boneti na mlango wa mbele wa kulia, akaenda ubavu wa kushoto, akazunguka nyuma. Alikuwa anapuliza vizuri ajabu, mkono unakwenda na kurudi sawasawa. Alipofika mlango wa nyuma wa kulia, wa mwisho, akakaribia kuumaliza, mkono ukasimama. Nikadhani anaangalia kazi. Kisha nikamwona mabega yamepanda juu karibu na masikio na mdomo uko wazi, na hakuna sauti inayotoka. Bunduki akaishusha polepole, hakuiangusha, akaiweka juu ya meza. Ndipo magoti yakamwishia.

Sikumbuki vizuri tulivyomtoa. Najua niliita, wifi akaja anakimbia na mikono ina unga, tukamkokota nje kwenye upepo, na mwenye gari la mkaa lililokuwa limesimama ng'ambo ya barabara ndiye aliyetupeleka hospitalini Bagamoyo. Kaka alikuwa amenishika kifundo cha mkono. Midomo yake ilibadilika rangi, na mimi ninayejua majina ya rangi zote sitaki kuitaja ile.

Wakampa hewa, wakampa sindano, baada ya saa nzima mabega yakashuka. Alhamdulillahi. Daktari aliyekuwepo, mama mmoja mtulivu, akauliza alikuwa akifanya nini. Nikamweleza, mpaka jina la kemikali ya hadina nikamtajia. Akamgeukia kaka.

"Ulivaa maski?"

Kaka akatikisa kichwa.

"Kwa nini?"

Akaisogeza kidogo ile ya hospitali kutoka mdomoni. "Uzembe wangu," akasema.

Nilikuwa nimesimama hapo hapo, miguuni pa kitanda. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Sikusema. Daktari akatueleza kwamba kifua kikishaikataa dawa ile, huwa hakiikubali tena, hata kidogo, hata kupita karibu. Asiingie tena banda linalopulizwa, iwe ya thina iwe ya maji. Kaka alisikiliza akiangalia dari. Kisha akafumba macho, na machozi yakatoka pembeni yakaingia masikioni. Sikuwahi kumwona kaka yangu akilia, hata tulipomzika baba.

Nikatumwa dirishani kuchukua dawa. Niliporudi nikamkuta wifi amekaa kwenye ngazi za nje, bado ana unga mikononi. Nikakaa karibu yake. Nikasema, "Wifi, ile maski, ni mimi. Nilijua, na sikumwambia."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ameniambia sasa hivi, ulipokwenda kwenye dawa. Kasema alikuona umeivua yako, akajua hakuna neno. Kasema nisikuseme." Akaanza kuubandua unga uliokauka vidoleni, kidole kimoja kimoja. "Basi sikusemi. Ila usiniombe msamaha leo, wifi yangu. Leo sina."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Tumetukanana sana kwa utani mimi na yeye, ningejua pa kuyaweka. Hili sikujua niliweke wapi. Nikabaki nimekaa, dawa zipo mapajani, mpaka akanyanyuka yeye kwanza akazichukua akaingia ndani.

Siku tatu baadaye kaka aliruhusiwa. Gari la mwalimu lilikuwa limeshakomaa, nikampa funguo. Alilizunguka, akasema mashallah, hajawahi kuona mng'ao kama huo, na akauliza fundi yuko wapi ampe mkono. Nikamwambia yuko nyumbani, haji hapa tena. Mwalimu akafikiri kidogo, akasema basi atamfuata. Nikapanda naye.

Tulimkuta kaka barazani, ana shuka begani mchana kweupe. Mwalimu akaegesha gari mbele yake kabisa. Wakasalimiana, wakaulizana hali. Kaka akanyanyuka akashuka, taratibu, akaanza kulizunguka gari, kiganja kinatembea juu ya paa, juu ya boneti, ubavu wa kushoto, nyuma. Sura yake ilikuwa inafunguka. Alipofika mlango wa nyuma wa kulia akasimama. Akainama. Palikuwa na mchirizi, klia imeteremka kama jasho, urefu wa kidole, chini kidogo ya kitasa. Mimi sikuuona siku zote tatu. Mwalimu naye hakuuona.

Kaka akaupitishia ukucha, juu mpaka chini. Alijua ni hapo mkono wake uliposimama siku ile.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Gari utatuachia tena siku mbili. Halijaisha."

"Aa, fundi, hiki? Hiki kitu gani? Niache niende zangu."

"Halijaisha," akasema tena, kisha akanigeukia. Wifi alikuwa amesimama mlangoni anatusikiliza. "Mdogo wangu, huu mchirizi utaupiga msasa leo, halafu upulize mlango wote upya. Wewe. Usimpe fundi mwingine." Akapumzika kuvuta pumzi. "Na maski yako uifunge vizuri nyuma, niione kabla hujatoka hapa."

Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nikaivaa pale pale barazani mbele ya mwalimu na mbele ya wifi, na kaka akanizunguka akaikaza mikanda kwa mikono yake, akaivuta mara mbili kuhakikisha. Nikarudi gereji na gari la mwalimu. Niliupiga msasa mchirizi wa kaka yangu mpaka ukaisha, nikilia, na kulia ndani ya maski ni tabu, kwa sababu huwezi kujifuta.